Siku Tulipokwenda Kuposa Njia

Bango lilisimikwa kabla mvua hazijaanza, chini kabisa ya kiwanja cha mikaratusi kinachotenganisha nyumba zetu za Kibagabaga na barabara ya lami. Lilikuwa kubwa kuliko mabango yote ya hapo, ya makanisa na ya simu. Lilionyesha makao makuu mapya ya kampuni moja ya teknolojia: majengo ya vioo yaliyoshuka na mlima kama ngazi, nyasi zilizonyolewa, na vijana waliokaa juu ya nyasi hizo na kompyuta mapajani. Chini ya picha, wakazi tulialikwa kutoa maoni.

Maoni yalianza siku hiyohiyo, ila yalitolewa kwenye baa ya maziwa.

Baa za maziwa Kigali ni kama vibanda vya kahawa kwetu Bukoba. Mtu anaingia, anaagiza maziwa ya moto au ya mgando, anachukua andazi, anakaa. Hii yetu ilikuwa chumba kimoja kando ya bango, na mabenchi mawili na tangi la chuma lenye bomba. Mwenyewe tulimwita Mama wa Maziwa. Alizaliwa Karagwe, wazazi wake walipokuwa wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa msichana. Kiswahili chake ni cha shule ya msingi ya Tanzania, kimenyooka, na ndicho kilichotufanya tuwe ndugu tangu nilipohamia mtaa ule.

"Angalia picha vizuri," alisema dereva mmoja wa pikipiki, kofia mbili za chuma zikining'inia mkononi. "Watu iko wengi, pikipiki hata moja hakuna. Sasa hawa walifika namna gani?"

"Waliletwa na droni," akajibu mzee mmoja kutoka benchi la ndani. "Kama damu inavyopelekwa hospitali."

Mzee huyo alikuwa mtumishi wa serikali aliyestaafu baada ya miaka mingi katika ofisi za Kacyiru. Alikulia Uganda. Mtaani alijulikana kwa kazi nyingine kabisa: ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye harusi. Ukitaka kuoa, au ukiozesha binti, humchukui baba yako aseme. Unamchukua yeye, Muzehe.

Mama wa Maziwa hakucheka. Alifuta mikono, akatoka, akasimama mbele ya bango kwa muda, kisha akaniita.

"Kaka, wewe umefanya kazi ya gazeti, umezoea kusoma michoro. Njia yetu iko wapi hapo?"

Nilitafuta. Njia ya mkato iliyotoka juu kwenye nyumba, ikapita katikati ya mikaratusi na kutokea mlangoni pake, haikuwamo. Mahali pake palikuwa na ukuta mfupi wa mawe na maua ya zambarau.

"Haipo," nikasema.

"Basi na mimi sipo."

Hakuwa anatia chumvi. Wateja wake wote walishuka na njia ile asubuhi kwenda kupanda basi, na kuipanda jioni wakirudi. Walikunywa kwake kwa sababu walipita kwake. Ukiifunga, watu watazungukia barabara kubwa ya upande wa pili wa kilima, na hakuna mtu anayevuka kilima kizima kwa ajili ya kikombe cha maziwa ilhali nyumbani anayo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kama kawaida. Tulizibua mfereji, tukasafisha majembe, tukakusanyika kwa mkutano unaofuata kazi. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alimkaribisha mgeni: afisa wa kampuni, dada Mkenya, kijana, mwenye buti mpya za mpira. Nilimpenda papo hapo. Alikuwa amefika tangu asubuhi na kuchimba mfereji pamoja nasi, na matope yalikuwa yamempanda hadi magotini. Alieleza mradi kwa Kiswahili, mkuu akatafsiri kwa Kinyarwanda. Tukapiga makofi ya mpangilio, yale ya pamoja yanayoanza na kuisha kama yamepigwa na mtu mmoja.

"Kuna maswali? Kuna mwenye pingamizi?" akauliza.

Mama mmoja wa kwaya alinyanyuka. Alitaka kujua kama maharusi wataruhusiwa kupiga picha kwenye nyasi zile, maana bustani nzuri zote za mjini Jumamosi zina foleni. Dada akacheka, akasema ataliulizia. Mwingine akauliza kama intaneti itafika hadi nyumba za juu. Halafu kimya. Mama wa Maziwa alikuwa mstari wa pili, mikono mapajani, akitazama ardhi. Makofi tena. Mgeni aliondoka akiwa na furaha ya wazi usoni, akitupungia mkono kutoka dirishani mwa gari.

Nusu saa baadaye baa ya maziwa ilijaa malalamiko. Njia! Watoto watapita wapi? Wauguzi wa zamu je? Nikauliza swali ambalo mgeni yeyote angeuliza.

"Mbona hamkusema pale?"

Walinitazama kwa huruma.

"Amekuja kwetu," akasema Muzehe. "Amechimba mfereji wetu. Halafu wewe unataka mimi inyanyuke mbele ya watu wote nimwambie hapana? Nyie Watanzania mnajifanya wapole, kumbe."

"Sasa yeye ameondoka anajua mmekubali."

"Amekubaliwa yeye. Maneno yake bado." Alimeza funda la maziwa, akapangusa masharubu. "Kitu kikubwa hakiombwi mkutanoni. Watu wanatumwa. Wanakwenda kwa mwenye nacho, wanakaa, wanaongea vizuri. Hata mke ndivyo anavyopatikana."

Dereva wa pikipiki akadakia, "Kwa hiyo tunaenda kuposa njia?"

Alisema kwa mzaha, lakini Muzehe alikiweka kikombe chini, na nikaona tayari anawaza koti atakalovaa.

Tulikwenda watu wanne katika ofisi ya muda ya kampuni: Muzehe kwa suti, Mama wa Maziwa kwa kitambaa cha mushanana, vazi la sherehe, begani kana kwamba ni harusi kweli, dereva, na mimi kwa kuwa wote watatu waliniambia Kiswahili cha Mkenya kinakwenda mbio. Mama alibeba maziwa ya mgando kwenye chombo chenye mfuniko. Dada alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatuletea maji.

Muzehe alianza. Wanaojua sherehe ya gusaba, yaani posa ya Kinyarwanda, wanajua kwamba msemaji hafiki kwenye jambo kwa njia fupi. Anasifu ukoo wa wenyeji. Anasema alikuwa anapita tu. Anasema ameona bustani nzuri na ua moja ndani yake. Msemaji wa upande wa pili anakana: hatuna ua hapa, umepotea nyumba. Wanavutana, watu wanacheka, na utamu wote umo humo. Muzehe alisifu kampuni. Alisifu Nairobi. Akazungumzia ng'ombe aliyezoea kushuka kisimani kwa mapito yake, ambaye wazee wa zamani walimwachia nafasi kila walipojenga boma. Kisha akanyamaza, akingoja akataliwe kama kwenye posa.

Dada wa watu aliangalia chombo cha maziwa, akaniangalia mimi, akamwangalia Muzehe.

"Mzee wangu, asante sana. Kwa hivyo... mnataka kampuni iwasaidie na mradi wa ng'ombe?"

Dereva alijifanya anakohoa. Muzehe hakushtuka. Akaona labda ndiko kukataliwa kwenyewe, akajipanga upya, akarudi kwa ng'ombe kutoka upande mwingine. Dada akaanza kueleza, kwa upole, kwamba kampuni yao haihusiki na mifugo.

"Dada," Mama wa Maziwa akakatiza. Sauti ilikuwa ndogo. "Tunaomba njia. Ile inayopita kwenye miti. Watu wa juu wote wanashukia hapo. Mkijenga, mtuachie hata kinjia."

Dada aliuvuta mchoro mezani, akaukunjua, akauliza njia inaanzia wapi. Mama akamwonyesha kwa kidole sehemu ya juu. Alipofika chini, penye mlango wake mwenyewe, kidole kilisita, akasema tu, "Halafu inatokea barabarani." Nilikuwa karibu naye na nilitaka kusema. Alinikanyaga mguu.

"Na mbona hamkuniambia kwa mkutano?" dada akauliza. "Mimi niliandika wote wako sawa!"

"Ulikuwa mgeni," Muzehe akasema. "Leo wewe ndiye mwenyeji, tunaweza kukusumbua."

Dada akacheka hadi akafuta macho. Akaonja maziwa, akakunja uso kwa uchachu wake, akaonja tena.

Nje nilimuuliza Mama kwa nini hakutaja baa yake. Alinijibu bila kusimama. "Watu wanne wametoka nyumbani kwa ajili ya njia ya watu wote. Nikisema na duka langu, itakuwa tumekuja kwa ajili yangu."

Mvua zilipokuwa katikati, picha kwenye bango ilibadilishwa. Njia ilikuwamo. Ilichorwa safi, ina taa na ngazi za mawe. Lakini ilipindishwa kufuata mpaka wa kiwanja, ikatokea chini kabisa, baada ya kona, mahali ambapo kutoka kwenye baa huwezi hata kupaona. Majirani walifurika kumpongeza Mama wa Maziwa. Walikunywa, wakagonga vikombe, na furaha ile ilipungua benchi kwa benchi kadiri kila mmoja alivyotoka nje kutazama na kurudi.

"Turudi kule ofisini," nikasema.

"Hapana," alisema Mama. "Tuliomba njia, tumepewa."

"Ni kweli," Muzehe akasema, na nilimwona inamuuma. "Ukishapewa binti, hurudi kesho kusema ulimtaka dada yake."

Nyumba ya Muzehe, nadhani nimesahau kusema, ndiyo iliyo kwenye ile kona. Ina gereji inayotazama barabara, na ndani yake kulikuwa na gari ambalo halikuwa limewaka tangu astaafu, analolifuta vumbi kila Jumapili baada ya misa.

"Ile gari inaweza kulala nje," akasema hatimaye.

Mama alianza kushukuru, naye akainua mkono kumzuia. Hakutaka ashukuru. Alitaka aje kuiomba gereji rasmi. Basi Jumapili iliyofuata tulikwenda tena, sasa upande wa waombaji ukisemewa na dereva wa pikipiki, aliyekuwa hajawahi kusema hata kwenye harusi ya ndugu yake. Muzehe alisimama mlangoni na kuapa kwamba hana gereji, hajawahi kuwa na gereji, na gari tunaloliona nyuma yake ni la jirani. Dereva alijibu kwamba amekuja na pikipiki kutoka mbali na hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Mke wa Muzehe alicheka kwa nguvu hadi akalazimika kukaa. Mama wa Maziwa alicheka pia, kisha akajifunika uso kwa kitambaa na kukaa hivyo kitambo.

Tangi lilihamishwa na wanaume sita na kelele za wanaume ishirini.

Tatizo ni kwamba kampuni ilikuwa bado haijaanza kujenga. Njia mpya ilikuwa kwenye bango tu, na ile ya zamani iliendelea kutokea palepale pa zamani. Siku za kwanza Mama alikaa gereji na maziwa yake, akitazama barabara. Wachache tulizunguka kona. Kisha muuguzi mmoja, akiwa amechelewa, alikata katikati ya mikaratusi moja kwa moja kuelekea geti la Muzehe. Kesho yake nyasi zilikuwa zimelala. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kuuliza mtu. Kila asubuhi nilipotoka niliona migongo ikishuka mshazari kati ya miti, mmoja nyuma ya mwingine, wengine wameshika viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Dada Mkenya alikuja na wapima ardhi wakati mvua zinakwisha. Walibeba vigingi na kamba, wakaanza kutoka juu kufuata mchoro. Katikati ya mteremko wakasimama. Njia ilikuwa tayari ipo, ngumu na nyeupe, na haikufuata mpaka kabisa. Waliifuata hadi chini, wakaingia gereji, tukasogeana wakapata nafasi.

"Mama, hii njia mlichimba lini?" dada akauliza.

"Hatukuchimba," Mama wa Maziwa akasema, akifungulia bomba. "Watu wanakuja kunywa maziwa tu. Ya moto au ya mgando?"

Dada aliwaangalia wapima ardhi. Mmoja wao alikuwa ameshaweka vigingi chini ya benchi.

"Ya mgando," akasema. "Na hao pia. Tukimaliza tutaipima ilivyo."