Siku Nilipomwogesha Karani

Paka akilowa ananuka kama blanketi la sufu lililosahaulika mvuani, na ukiongeza sabuni ya mche, harufu hiyo haikutoki mikononi hadi kesho yake. Niliijua nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Endagikot, msimu wa baridi ambao ukungu ulikaa shambani mpaka saa nne asubuhi na sisi watoto tulipasuka midomo na visigino. Nyumba yetu msimu huo iliingiwa na mdudu mbaya, naye alikuwa shaka. Dada yangu alikaribia kupata kipaimara, na Mama alikuwa anakusanya utando wa maziwa apate samli ya kuwapikia wageni. Kila jioni alifunika sufuria stoo kwa ungo, na kila siku ya pili au ya tatu aliukuta utando umeenguliwa vizuri kabisa, upande mmoja tu.

Mama alianza na mimi. Aliniita, akaniambia nifungue mdomo, akanusa. Sikuwa nimekula, lakini nilijisikia mwizi, na tangu hapo nikawa nanusa wengine kimoyomoyo. Nilimtazama dada yangu mdomo ukimeta, nikakuta ni mafuta ya mgando. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alisema tusisumbue watoto, mwizi ana mkia. Alimaanisha Karani, paka wangu wa kijivu, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kukaa mlangoni na kumkagua kila aingiaye. Mama akatoa hukumu mapema: ikithibitika ni yeye, baba mdogo atamtia kwenye kiroba na kumpeleka Yaeda Chini, anakokwenda kununua mbuzi. Huko bondeni, nilivyosikia mimi, paka wa nyumbani hamalizi wiki.

Jumamosi asubuhi Bibi alichota majivu akayamwaga kuizunguka sufuria, duara zima, kama mama yake alivyofanya zamani kumnasa aliyeiba mtama ghalani. Kisha yeye, Mama na dada wakaenda kwenye sala za jumuiya. Nilibaki peke yangu nachambua maharage uani. Haukupita muda, Karani akatokea, tumbo na miguu vyeupe kwa majivu. Sikwenda kuchungulia stoo, sikujiuliza lolote. Nilichukua beseni, nikachanganya maji ya moto na baridi, nikakata kipande cha sabuni ya mche, nikamzamisha.

Aliyewahi kumwogesha paka hahitaji kuelezwa. Alipiga kelele ambazo sikujua anazo, akanichana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na mimi nikaendelea kumsugua, nalia, namwambia anyamaze, namsaidia. Povu lilikuwa jeusi. Nilipoinua mkono kufuta macho, akaponyoka. Mlango wa stoo haukuwa na komeo, akaingia humo moja kwa moja, na nilipomfikia alikuwa ameshakanyaga majivu yote kuizunguka sufuria, anajikung'uta nyuma ya debe la mahindi.

Hapo ndipo nilipoyatazama yale majivu vizuri. Nyayo zilikuwa nyingi, lakini zote zilikuwa mbichi, zote za tope. Hapakuwa na hata unyayo mmoja mkavu. Ungo ulikuwa mahali pake na utando ulikuwa mzima. Karani hakuwa amegusa stoo siku ile. Alikuwa amelala jikoni kwenye majivu ya mafiga, kama alivyolala kila siku ya baridi. Ushahidi ule niliutengeneza mimi. Nilipiga magoti kuufuta kwa viganja, nikasikia sauti zao mlangoni.

"Mmeona?" Bibi alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilisema ameingia sasa hivi tu, nilikuwa namwogesha. Mama akanitazama, akatazama beseni, akatazama mkono wangu unaotoka damu.

"Ulikuwa unamwogesha kwa sababu gani?"

Jibu la kweli lilikuwa moja tu, kwamba na mimi nilimshuku. Nikatoka kwenda kumwaga maji ya beseni. Jioni baba mdogo alikuja, nikamwamkia shikamoo kama ilivyopasa, akaitikia, akafunga kiroba nyuma ya pikipiki. Kiroba kilitikisika mpaka walipopotea kwenye kona ya shule.

Wiki iliyofuata utando ulienguliwa tena. Siku mbili baadaye niliingia chumbani kwa Bibi bila kubisha, nikamkuta amekaa kitandani anapaka visigino vyake utando wa maziwa kutoka kwenye kifuniko cha chupa. Vilikuwa vimepasuka hadi nyama kuonekana. Aliona aibu kumwomba mkwewe, na aliona aibu zaidi kukutwa na mjukuu. Alificha kifuniko, nami nikaurudishia mlango, sikumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilimchukia mwaka mzima, kisha nikakua, nikamwonea huruma, na nilipoanza kupata mshahara nilimpelekea mafuta ya mgando kila mwisho wa mwezi hadi alipofariki. Karani sikuwahi kumsafishia jina kwa mtu yeyote.

Sasa ninaishi Mbulu mjini. Maziwa tunanunua ya pakiti na yanakaa kwenye friji, wala hakuna anayemwaga majivu popote. Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta binti yangu uani na beseni, anamwogesha paka wetu kwa shampuu, kama alivyoona kwenye simu. Kabla hata sijaweka mkoba chini nilimuuliza kwa ukali paka amefanya nini.

Mtoto aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Shikamoo mama. Hajafanya kitu. Amechafuka tu."