Mlete Leo, Presha Si Mzuri

"Mama, hiyo taa imewaka tena."

Ni binti yangu Selpha aliniambia hivyo, amelala kwa kochi, macho yake yameangalia ukuta.

Nikachungulia dirishani. Gari haikuwa pale. Ilikuwa imeondoka kitambo.

Wajukuu zangu wa humu kwenye simu, vuteni viti. Haya yalitupata hapa Kimumu, Eldoret, na hata sasa nikiandika kidole kinakosa herufi.

Kwanza tegueni hiki. Nina ng'ombe wanne, chakula chao ni upepo, na wakishiba sana wanapasuka.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekula mji wa Ziwa wote na maziwa yake siku ya soko. Jibu ni magurudumu ya gari.

Gari yenyewe ni ya Okeyo, mume wa Selpha, karani kwa stoo ya mbolea. Mjaluo mpole. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali nyumba ya mkwe, kwa hivyo alinikodia chumba kwa ploti hiyo hiyo ili nimwangalie Selpha. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Mwaka juzi walikuwa na mimba nyingine. Uchungu ulimshika wakiwa Ziwa, Okeyo akamtia ndani ya gari, na gurudumu likapasuka katikati ya safari.

Mtoto alizaliwa kando ya barabara. Hakulia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo Okeyo anaogopa tairi kuliko anavyoogopa mauti.

Sasa gari ikaanza kuwasha taa. Kadude ka manjano, kama sufuria iliyokatwa mdomo, na alama ya kushangaa katikati. Wanasema ni presha ya tairi.

Okeyo anasimama kila mahali pana pampu. Anaongezewa upepo, taa inazima. Kukikucha, imewaka. Anapunguziwa, imewaka bado.

Murunga, fundi wa gereji, akamchekelea. "Omera, ndugu yangu, bandika tepu nyeusi hapo juu yake ulale usingizi."

"Na nikibandika, tairi itaona haya iache kupasuka?"

Mkwe wangu akakonda. Alfajiri namsikia akizunguka gari, anapiga magurudumu kwa kiatu, moja moja, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ya wafu.

Nikamwambia, "Baba, utaugua."

Akainamisha kichwa, maana mkwe hanitazami usoni. "Mama, siwezi kuzika mwingine."

Siku yenyewe, asubuhi, alimshusha Selpha kliniki ya wajawazito pale hospitali apimwe, naye akapeleka gari gereji ipimwe. Kliniki ikaandika namba ya simu ya Okeyo. Gereji pia ikaandika hiyo hiyo; huko kwa kawaida anayepigia wateja simu ni msichana anaitwa Joyline. Wakarudi nyumbani, Selpha akasema kichwa kinagonga, nikamlaza.

Mchana mvua ikaanza kupiga mabati, ile ya Eldoret ambayo ukiongea lazima upige kelele. Simu ya Okeyo ikalia. Mikono yake ilikuwa na ugali, akaweka spika.

Sauti ya mwanamke. "Ni Bwana Okeyo?"

"Ndiyo. Wewe ni Joyline wa gereji?"

Mvua ikameza jibu.

"Ile presha tulipima asubuhi si mzuri," yule mwanamke akasema. "Nimeulizia mkubwa wangu, amesema tusingoje kesho."

"Nilijua tu. Ni ya mbele ama ya nyuma?"

"Sikupati. Ya juu na ya chini, zote zimepanda sana. Mlete leo. Mlete saa hii."

"Naleta."

Akaosha mikono bila kumaliza kula. "Mama, umesikia? Zote zimepanda. Hao vijana wa pampu wamejaza kupita kiasi. Ningembeba nayo usiku wa uchungu, ingepasuka tena."

Akambusu Selpha kwenye paji la uso, akaenda.

Nami nikamshukuru Mungu kwa huyo Joyline.

Mvua ikapungua. Hapo ndipo Selpha akasema ile taa imewaka.

"Taa ya gari?"

"Hapa, Mama. Mbele ya macho. Sasa zimekuwa nyingi."

Nikamshika uso. Ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari. Nikabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

Mimi pia ni mgonjwa wa presha. Kila nikipimwa naambiwa ya juu ni hii, ya chini ni hii. Nikasimama pale na mguu wa mtoto wangu mkononi, nikajiuliza, tairi ina ya juu na ya chini tangu lini?

Nikapiga simu. "Baba, gari iko wapi?"

"Gereji. Wameipandisha juu ya jeki, wametoa magurudumu yote. Lakini Mama, Joyline hayuko kazini leo. Wanasema hakuna mtu amenipigia."

"Hiyo simu haikuwa ya gari."

Nikamsikia akiwaambia mafundi wazime mashine.

"Alisema mlete, Baba. Wewe ulisikia nyinyi mlete gari. Yeye alisema mlete Selpha."

Nikasikia mtu analia, na sikumtambua kuwa ni yeye.

Nikatoka nje bila viatu. Jirani yetu Javan alikuwa anaingia na pikapu yake, amebeba maziwa kutoka Kapseret.

"Javan, shusha hiyo maziwa. Tubebe Selpha."

"Mama, nikiiacha hapa itaganda."

"Wacha igande."

Akaniangalia mara moja tu, akaanza kuangusha madebe kwenye matope.

Njiani Selpha akaanza kutetemeka mwili wote, meno yameumana. Nikamlaza ubavu kwenye mapaja yangu. Nikamwita kwa jina la utotoni, lile hata Okeyo halijui. Hakuitika.

Hospitali wakamchukua mbio na mlango ukafungwa.

Okeyo alifika kwa boda boda, amelowa, spana ya magurudumu bado iko mkononi.

Nesi akatoka. Niliijua sauti kabla hajajitaja kuwa ni Emmaculate. "Niliwapigia simu mchana. Mbona mmechelewa hivi?"

Okeyo akamjibu polepole, "Tulikuwa tunatengeneza gari ya kumleta."

Nesi akamsogelea. Akambandua vidole kwenye spana, kimoja kimoja, akamketisha kwenye benchi, akamfunga mkono kwa ile mashine ya kupima presha.

"Kaa hapa. Yako pia imepanda."

Mtoto walimtoa kwa kisu. Msichana, mdogo kama kuku wa kienyeji. Wakamweka kwenye kisanduku cha joto, na huko bado yuko, anapumua.

Selpha alikaa siku mbili hatambui mtu. Alipofungua macho akamtafuta mumewe.

"Gari ilipona?"

 Okeyo akalaza kichwa chake kwenye kitanda karibu na mkono wa Selpha, na kwa mara ya kwanza akalia mbele ya mama mkwe.

Wajukuu zangu, ukiogopa kitu kimoja sana, masikio yako yatasikia hicho tu, hata ukiitwa kwa kingine. Ukipigiwa simu uliza, wewe ni nani, na unamwongelea nani. Mvua ikizuia, ingia chini ya meza uulize tena.

Na mjamzito akiwaambia kichwa kinagonga na anaona nyota, msingoje simu ya mtu. Hata kama gari iko juu ya jeki, mbebeni na ya jirani.