Juni Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kompyuta, Nzilani husimama mbele ya kalenda ya kanisa iliyotundikwa kando ya mlango wa jikoni, akatia herufi moja katika kijisanduku cha siku hiyo. N ni nyumbani. M ni Moshi. Siku asiyofanya kazi, kwa mazishi au kwa homa, huchora kistari. Kalamu yenyewe ameifunga kwa uzi kwenye msumari, maana mama yake, Ndunge, kila kalamu anayoiona huitia katika mkoba wake.

Mumbua, binti ya kaka yake, aliiona tabia hiyo tangu wiki ya kwanza alipokuja kukaa nao hapa Malili, baada ya kumaliza chuo kikuu kule Kwa Vonza. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa kusubiri mambo yajieleze.

Nzilani huchora mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukingama mto wa msimu, mvua ikaujaza mchanga nyuma yake, na maji yakabaki yamejificha mchangani hadi kiangazi. Kazi hiyo alijifunza upande wa Kabati, akipima mito mikavu kwa miguu. Lakini mwajiri wake ni kampuni ndogo ya Moshi, ng'ambo ya mpaka. Miaka ya kwanza alihamia huko kabisa. Macho ya mama yake yalipoanza kufifia, wakakubaliana: wiki mbili apitie Emali na Loitokitok kwenda kukaa ofisini, wiki mbili achoree nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula.

Kodi yake ilikatwa Moshi, na akiba yake ya uzeeni iliwekwa Moshi. Alikuwa amechangia miaka kumi na mmoja. Ilibaki minne tu afikie ile kumi na mitano ya kupata pensheni ya kila mwezi, na hiyo minne aliitaja mara nyingi, kama mtu anayetaja nyumba anayoijenga.

Mwezi wa kwanza ikaja barua. Wakaguzi walikuwa wameiuliza kampuni wafanyakazi wake wa kutoka Kenya wanafanyia kazi wapi hasa. Tangu sasa, barua ilisema, siku ndizo zitakazoamua. Aliyefanyia kazi nyumbani zaidi ya nusu ya siku zake za mwaka uliopita, kodi na michango yake ya uzeeni itahamia kwao Kenya, na ya Moshi itasimama. Kila mmoja alete orodha, mwezi kwa mwezi, na aitie sahihi.

"Hiyo ni rahisi," Nzilani alisema, akageukia mlango wa jikoni. Msumarini ilikuwa imetundikwa kalenda mpya.

"Mwaitu, ile ya mwaka jana iko wapi?" alimuuliza mama yake.

"Vitabu vimeivaa," Ndunge alijibu, akiendelea kuchambua pojo.

Nzilani aliketi. Kanisa lote lilijua, naye alijua kuliko wote, lakini alikuwa amesahau. Kila Januari Ndunge hukusanya kalenda za mwaka uliokwisha na kuvika vitabu vya nyimbo vya kanisani. Ile karatasi nzito haichakai upesi. Tarehe huzigeuza ndani, upande mweupe ukabaki nje, kisha hugandisha pembe kwa uji wa ngano. Kazi hiyo huifanya kwa vidole. Herufi ndogo za kalamu, kwa jicho lake moja lililopasuliwa na lile ambalo bado, ni kama vumbi tu.

Wakaenda kanisani wote watatu. Ufunguo wa kabati la vitabu ulikuwa kwa Mbogo, mzee wa kanisa mwenye duka la mabati pale barabarani.

"Injinia, leo umekuja kukagua nyimbo?"

"Nimekuja kutafuta mwaka wangu, Mzee."

"Mwaka unapotea hivyo? Wangu mimi nauona kila siku." Akajipigapiga tumbo. "Uko hapa."

"Huo si mwaka, Mbogo, hiyo ni miaka mingi," Ndunge akasema, na Mbogo akacheka mpaka akaegemea kabati.

Walivua vitabu sitini juu ya benchi. Ndunge aliloweka pembe kwa kidole chenye maji, akazibandua polepole, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanampa mtu kazi mara mbili. Kufikia alasiri walikuwa na kurasa kumi na moja. Juni haikuwepo.

Nyumbani Mumbua alijumlisha kwenye kompyuta, akarudia. Nyumbani siku tisini na nane. Moshi siku mia moja na nne. Aligeuza kompyuta shangazi yake aone.

Nzilani alimpigia simu meneja wake, akaeleza habari ya mwezi uliokosekana. Sauti ilisikika vizuri hadi mezani.

"Pole sana, dada Nzilani. Sasa mwezi mmoja ndio utusumbue? Andika Moshi, mambo yaishe. Sisi tunataka ubaki kwetu, na hiyo miaka yako minne tunaijua."

"Nimekusikia, kaka. Nitakuletea kesho."

Alipoweka simu, Ndunge aliinua kichwa. "Mnatafuta Juni? Juni si ndiyo niliyopasuliwa jicho? Ulinitia dawa mara nne kwa siku, huku unachora."

"Najua, Mwaitu. Lakini karatasi yake haipo."

"Nani amekwambia haipo?" Ndunge akavuta mkoba wake, akatoa kalamu tatu, leso, kisha kitabu chake mwenyewe cha nyimbo, ambacho hakikai kabatini. "Nilihesabu karatasi mpaka ya sita. Mwezi niliorudishiwa jicho niliutaka uwe wangu."

Nzilani alifungua jalada taratibu. Ndani zilikuwa N kumi na tisa. Hakukuwa na M hata moja.

Mumbua aliangalia vidole vya shangazi yake juu ya karatasi. Vilikaa hapo muda. Kisha Nzilani akamrudishia mama yake jalada, akavuta kompyuta, akajaza mstari wa Juni mwenyewe. Nyumbani, mia moja na kumi na saba. Moshi, mia moja na nne. Asubuhi yake Mumbua akapeleka orodha kuchapishwa kwenye saiba, akairudisha, na Nzilani akaitia sahihi kwa ile kalamu ya uzi, akiwa amesimama karibu na msumari.

Hapo ndipo Mumbua alipouliza swali lake moja.

"Anti, kwa nini hukuandika Moshi?"

Nzilani alipuliza wino ukauke.

"Kwa sababu nilikuwa hapa."