Mzigo wa Viazi Mbele ya Mashine

Daktari wa macho niliyemfahamu kule Beni amefariki. Nilipopigiwa simu nilikasirika kwanza, machozi yakaja baadaye, maana tulikuwa bado tunamhitaji. Wasomaji wangu wa Butembo wanisamehe leo nikiacha siasa, nikamzungumzia mtu aliyekuwa mkaidi kuliko mimi.

Wakati wa vita, jicho la kulia la shangazi yangu wa Masereka lilianza kutokeza. Alikuwa akibeba viazi mgongoni, kamba ya kapu imekaza kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wa milimani. Daktari mmoja akasema ni kansa, jicho litolewe upesi. Familia ilisita, mimi ndiye niliyeihimiza ikubali, nikijiona nina akili. Tukampeleka Beni kwa marehemu ili alitoe.

Yeye akauliza, "Mama, jicho inavimbaka saa gani?"

"Saa niko na muzigo, Dokta. Nikipumuzika, inarudiaka."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Mashine za kupiga picha mishipa ya jicho zilikuwa ng'ambo ya mpaka, na njia ilishikwa na wenye bunduki. Basi akaazima ekografi ya wodi ya wazazi, ile ya kutazamia mimba, akaagiza kapu la viazi. Wakunga walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi akainama na mzigo wake, akafumba macho, kifaa kikawekwa juu ya kope. Kwenye kioo cha mashine doa jeusi likajaa. Alipotuliwa mzigo, likanywea mbele yetu.

"Tumeur, uvimbe ya kansa, hapana punguka juu umetua viazi," daktari alisema. "Donc, ni mushipa ya damu. Mi hapana kata hii jicho."

"Na kama umekosea?" nikamkaripia.

"Atarudia kila mwezi, tutaangalia. Jicho tukishaitosha mu kichwa, hatutairudisha."

Akamkataza kubeba kwa paji la uso. Shangazi akahamia Mulekera, hapo hapo mjini Beni, akauza mboga, na kila mwezi alipimwa, hata wiki ambazo risasi zilisikika mjini. Doa halikukua.

Sasa mashine bora zinaanza kutufikia, nami nazitaka zote, nitazidai hadi nikauke sauti. Lakini ile picha ilisomeka kwa sababu mtu alijali kujua mgonjwa anaishije.

Jana, kwenye mazishi, shangazi alimtazama kwa mara ya mwisho kwa macho yake yote mawili. Moja mimi nilikuwa nimeshalitoa kwa mdomo wangu. Tangu leo, anayeniambia kata, atanionyesha kwanza alichokiona.