Mwalimu Anayefunika Jibu

Mwalimu wa chumba cha mwisho hupuliza kahawa hata ikiwa imepoa, na huongea na kompyuta kwa sauti ya kubembeleza. Hapo Geneva, wenzake hurusha viini vya atomi za risasi, ile metali, vipishane bila kugusana. Mianga inayovizunguka ndiyo hugongana, na mara chache sana huzaliwa humo kwaki, chembe ndogo kuliko atomi, mbili nzito zilizoshikana. Zikizaliwa za kutosha, mchoro wa hesabu kwenye kompyuta hupanda kama kilima. Lakini mpaka hesabu zote zikubaliwe, mahali pa kilima hufichwa, moyo wa mtu usije ukamchagulia jibu. Kompyuta huficha yenyewe. Yeye haridhiki, hubandika na kadibodi ya boksi la chokoleti juu ya kioo. Solène, anayesafisha vyumba, hupangusa kuizunguka taratibu, kama anavyompangusa mwanawe aliyelala.

Asubuhi ile hesabu zilikubaliwa. Oriane, mwanafunzi ambaye shahada yake yote ilitegemea kilima hicho, alibandua kadibodi. Mwalimu akaipa kompyuta mgongo.

“Mwalimu, jibu liko huku! Kwani una macho kisogoni?”

“Bonyeza, binti. Acha maneno.”

Akabonyeza. Solène, kitambaa mkononi, aliona kwamba mwalimu alikuwa akimtazama Oriane usoni, hapepesi. Binti akaziba mdomo kwa viganja, kisha akaangua kicheko chenye machozi. “Kipo, mwalimu! Kimesimama!”

“Nimekiona,” akasema, akishusha pumzi ndefu, na bado hajageuka.