Kavira, Inua Kichwa

Vitabu vilivyotoka Beni vilinuka mawese. Vilipanda hadi Butembo ndani ya lori la Papa Ramazani, msafirishaji wa Beni, vikiwa vimebanwa kati ya madumu ya mafuta na magunia ya kakao, na hata ungeviweka dirishani wiki nzima harufu ile isingetoka. Sisi huku milimani tulikuwa na ukungu, moshi wa mikaratusi na baridi ya asubuhi. Beni ilitufikia kwa njia ya pua kwanza, halafu kwa habari, na miaka ile habari za Beni watu wazima walizisema kwa sauti ya chini, wakinyamaza mtoto akiingia.

Kila Jumapili ya kwanza baada ya mwaka mpya, watu wa kusoma wa mtaa wetu walikusanyika katika atelie ya ushonaji ya mama yangu mdogo, Kahindo. Walitoka misani wakaja moja kwa moja, wakaketi kati ya cherehani, na kila mmoja akaeleza anaufungua mwaka na kitabu gani. Muuguzi mmoja alikuwa akisoma habari za sayari. Seremala wa jirani alisoma kitabu kilekile kila mwaka, na kila mwaka alikieleza kana kwamba hajawahi kukiona. Baada ya maelezo walibadilishana. Kitabu kilikwenda mkono kwa mkono, kikazunguka Butembo, kikashuka Kyavinyonge ziwani, kikapita Mabalako, halafu kikarudi Beni kwa mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na mwaka huo ndipo Mama Kahindo aliponiruhusu kuchagua kitabu kama mtu mzima.

Nilichagua kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ilikuwa riwaya ya Kifaransa juu ya mjane aliyefuga nyuki. Papa Ramazani alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai. Alinitazama nikiipokea, akasema, "Hicho kinatoka kwa mwalimu mumoja wa Beni. Usome polepole, mutoto. Alinipatia na mikono mbili."

Nilisomea katika jiko letu la nje, alasiri, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa. Katika ukurasa wa nne niliona maneno ya penseli pembeni mwa maandishi, madogo, yameandikwa kwa utaratibu: *Kavira, usisome mbiombio.* Jina langu ni Kavira. Niligeuza kitabu nikakitazama nyuma, nikakitazama mbele. Nikaendelea. Kurasa tatu baadaye: *Kavira, umekula?* Nilikuwa sijala. Kisha, pale mjane anaposikia mzinga wa kwanza ukinyamaza: *Kavira, sasa inua kichwa.* Niliinua kichwa. Kuku wetu, ambao hawakujua kutulia, walikuwa wamesimama wote uani, wamegeukia upande mmoja, palipokuwa na ukungu tu.

Ningeweza kumwambia mama. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Lakini nilijua angekichukua kitabu, na nilitaka kufika mwisho. Kwa hiyo kwa wiki mbili niliishi na ile sauti. Ilinijua. Iliniuliza kama miguu yangu imepona, na kweli nilikuwa nimejikata kidole cha mguu kwa jembe. Iliniambia nisipite njia ya shamba peke yangu, na tangu siku hiyo nilianza kuzunguka kwa barabara kubwa. Nilipooga nilihisi ninaangaliwa. Dada yangu Masika alinishika nikizungumza peke yangu akafikiri nina malaria. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya mstari ambapo mjane anahamisha mizinga yake ng'ambo ya mlima, penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka kidogo: *Kavira, kama uko, nijibu.*

Nilikaa muda mrefu na penseli yangu ya shule mkononi. Kisha nikaandika chini yake: *Niko hapa.* Nikafunga kitabu haraka, na kesho yake nikampelekea Mama Kahindo ili kiendelee na safari. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimeanza alipokuja. Ilikuwa saa sita mchana na mama alikuwa akisonga bugali. Mwanaume mrefu, amelowa, koti la kizungu limempwaya, alisimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Jambo, Mama. Ninatafuta Kavira."

"Kavira gani, Papa? Hapa kila nyumba iko na Kavira yake." Mama hakudanganya. Kwetu binti wa pili huitwa Kavira, kama wa kwanza anavyoitwa Masika. Ukiita jina hilo sokoni, wanawake kumi wanageuka.

"Ule mwenye anapenda vitabu."

Nilitoka nyuma ya mama. Sitasahau jinsi uso wake ulivyoinuka kunitafuta juu, mahali ambapo kichwa cha mtu mkubwa kingekuwa, halafu ukashuka polepole mpaka ukanipata. Aliketi bila kukaribishwa. Alitoa kitabu ndani ya koti, akakifungua ukurasa wa mwisho.

"Ni weye uliandika hii?"

"Ndiyo, Papa. Ni mie."

"Juu ya nini?"

"Juu kitabu kiliniita."

Ndipo alipoeleza, akimtazama mama na si mimi. Binti yake Kavira alikuwa na miaka kumi na saba. Alikwenda shambani kuchuma kakao pamoja na wengine, wakachukuliwa na watu wenye bunduki hadi msituni, na miaka miwili ilikuwa imepita. Binti huyo hakuweza kuona karatasi iliyochapwa bila kuisoma. Baba yake aliwaza kwamba akitoroka, popote atakapotokea, atatafuta kitabu kabla ya kutafuta nguo. Kwa hiyo aliandika katika kile alichokipenda zaidi, akakitia barabarani.

Mama aliziba mdomo kwa mkono uliojaa unga. Kisha alinigeukia. "Piga magoti! Omba Papa pardon!"

"Acha, Mama," akasema yule mwalimu. "Mutoto aliitwa, akaitika. Hana kosa." Halafu akanivuta karibu, akaweka kidole chini ya maneno yangu. "Na hii ya chini?"

Palikuwa na mstari mwingine. Wa kalamu ya bic ya bluu, herufi nyembamba zilizolalia kushoto: *Baba, na mie niko.*

"Hapana, Papa. Ile haiko yangu."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilikuwa nimesoma kila alama ya penseli katika kitabu kile, na hakuna hata moja iliyosema kwamba aliyeandika alikuwa baba wa mtu. Mama alimwuliza kama ni mwandiko wa binti yake. Alijibu kwamba anadhani, kisha kwamba hajui. Madaftari yake yote yaliungua pamoja na nyumba.

Hakula. Papa Ramazani alimpeleka Mabalako, ambako msomaji wa mwisho aliapa kwamba mstari ule aliukuta. Akashuka Kyavinyonge. Mama mmoja muuza samaki alisema kitabu kilikaa siku nyingi juu ya meza yake, kando ya njia inayopitwa na wavuvi, wakimbizi na kila mtu, na hakumbuki nani alikigusa. Mwalimu hakurudi Beni. Alibaki pale, akajifunza kushona nyavu, akatengeneza rafu ya vitabu karibu na mitumbwi. Mpaka leo yuko, mzee sasa, na mpaka leo hajampata. Wapo wanaosema nilimharibia maisha kwa maneno mawili. Wapo wanaosema bila hayo angekuwa amekufa zamani. Nimefikiria pande zote mbili na sijui.

Leo mimi ni mwalimu hapa Butembo. Januari hii kikundi chetu cha simu kiliulizana, kama kawaida, kila mtu anasoma nini, na watu wakatuma picha za majalada. Vitabu vingi sasa tunavisoma kwenye skrini, safi, kila mtu peke yake, na hakuna ajuaye nani alipita kwenye ukurasa kabla yake. Kwa miaka mingi nililiona hilo kuwa nafuu. Darasani kwangu nina Kavira watano. Wiki iliyopita shule ilipata sanduku la vitabu vilivyotumika, nami nikabaki baada ya masomo, nikavipitia kimoja kimoja na kifutio mkononi kabla ya kuwapa watoto. Nilikuta hesabu za mtu, moyo uliochorwa, jina la kijiji cha upande wa Beni. Nilifuta vyote, asije mtoto akaitikia mwito usio wake. Nilipomaliza, mabaki ya kifutio yalikuwa yamejaa kwenye sketi yangu, nami nikabaki nimeketi bila kuyakung'uta, nikijiuliza ni nani niliyemfuta.