Mleta Heri Nyumbani kwa Stanojka

Mimi huuza mbao, basi nasema kama muuza mbao: sakafu ya Stanojka ni mwaloni mtupu, na aliipigilia mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe. Wajane wengine hapa Podgorina huanza kuuza shamba. Yeye aliuza fahali, akaja kunikaba bei mpaka nikajuta kufungua duka.

Shemeji yake Obrad hakumsamehe. Kwake, ile ni nyumba ya marehemu kaka, na Stanojka ni mgeni aliyesahau kuondoka. Mahakamani alishindwa. Akabaki na Krismasi.

Kwetu anayeingia wa kwanza asubuhi ya Krismasi ndiye mleta heri. Huchokoa gogo la mwaloni linalowaka jikoni, na kila cheche inayoruka ni baraka ya mwaka: ni ng'ombe, ni nyuki, ni mtoto. Mleta heri hazuiwi. Basi Obrad alidamka kila mwaka, akalipiga lile gogo kwa chuma mpaka makaa yakamwagika sakafuni. Stanojka akiweka bati, yeye hulisukuma kwa kiatu.

"Heri haitui juu ya bati, shemeji."

"Na nyumba ikiungua?"

"Itakuwa heri kubwa."

Januari nzima mama huyo yuko magotini. Alama nyepesi za moto huzikwangua kwa kipande cha kioo, kisha msasa. Zilizozama huzichimba kwa patasi, akapachika kiraka cha mwaloni, nyuzi za mti zikifuata nyuzi, gundi, halafu nta. Nilimshauri ang'oe mbao zile, nimuuzie mpya.

"Wewe na Obrad mnagawana?" akaniuliza.

Mkesha wa Krismasi iliyopita alikuja kwangu.

"Živorad, niazime kondoo dume wako."

"Wa kuchinja?"

"Wa kuingia wa kwanza."

Nikaelewa. Wazee wetu waliingiza hata fahali kuwa mleta heri. Mnyama hana kijicho. Nilidai chupa nne za rakija yake, pombe kali ya plamu, tukaafikiana mbili.

Alfajiri nilimsukuma kondoo ndani, mimi nikabaki nje ya kizingiti. Stanojka akamrushia nafaka kama ada, akachokoa gogo mwenyewe, polepole. Obrad akafika, akamkuta mnyama amesimama mbele ya jiko.

"Mtoe huyo."

"Mleta heri hatolewi, shemeji. Wewe leo ni wa pili. Wa pili hashiki chuma."

Kondoo akakojoa palepale, juu ya viraka. Obrad akacheka.

"Hiyo ndiyo heri yako."

"Mkojo unafutika," akasema Stanojka, tambara tayari mkononi. "Vua viatu kama unaingia."

Hakuvua. "Kijiji kizima kitajua umempa kondoo nafasi ya ndugu wa marehemu."

"Waambie. Waambie na sababu."

Akapewa kikombe chake cha rakija mlangoni. Alikunywa nusu, nusu akaitema thelujini, akaenda zake.

Stanojka alipangusa, akapitisha kidole kwenye mbao, kisha akasema mwakani atamhitaji tena kondoo. Nikamwambia mwakani ni chupa tatu. Akanifungia mlango.